Kusoma Nota Zisizo na Mistari Mitano: Mwongozo Kamili wa Muhula Mmoja kwa Kundi la Chuo

Mwanafunzi aliyezoea mistari mitano, au solfa ya kwaya, akiwekewa mezani ukurasa wenye vistari vyeusi vilivyotawanyika kwenye karatasi nyeupe, bila ufunguo, bila mapigo, bila hata jina la ala, mara nyingi hufanya moja kati ya mawili. Ama anakataa kwamba huo ni muziki, ama anafurahi kupita kiasi na kupiga chochote kinachomjia. Yote mawili yanamwangusha. Nota za muziki wa majaribio zinadai nidhamu kubwa, kwa sababu sehemu ya kazi ambayo mtunzi huimaliza nyumbani kwake, hapa imeachwa mikononi mwa wapigaji. Maamuzi yasipofanyika mezani, penseli mkononi, yatafanywa jukwaani na mazoea ya vidole. Na vidole hupenda kurudia kilekile vilichokizoea.

Kila tunaposema "nota" humu, tunamaanisha ukurasa mzima anaopewa mpigaji, uwe na duara, mstari, namba, maneno au plastiki tupu yenye nukta moja; isipokuwa pale tunapotaja nota moja ya kupigwa au kuimbwa, hapo ni sauti moja tu.

Kozi za aina hii zimeota mizizi zaidi Marekani na Uingereza. Mtunzi John Cage alifundisha darasa la utunzi wa majaribio katika New School, New York, kati ya 1956 na 1960. Chuo Kikuu cha Wesleyan, Connecticut, ndicho kilichochapisha kitabu chake Silence mwaka 1961, na hapo hapo mtunzi Alvin Lucier alikuja kufundisha kwa miongo kadhaa. London, darasa la mtunzi Cornelius Cardew katika Morley College ndilo lililozaa Scratch Orchestra mwaka 1969, kundi lililochanganya wanamuziki waliosoma na watu ambao hawajawahi kushika ala. Anayetuma maombi katika vyuo vya huko asiogope kwamba hana historia hiyo. Aliyekulia kwenye kwaya ya Tanzania au Kenya tayari anajua jambo ambalo wenzake wengi hawalijui: mistari mitano ni mwandiko mmoja tu. Amesoma d, r, m, f, s kwa miaka. Na aliyepiga udi au ganuni katika taarabu tayari ana sikio la sauti ambazo piano haina.

Kabla ya wiki ya kwanza

Kundi liwe la watu 6 hadi 10. Chini ya hapo, kazi kadhaa zitakosa uzito. Juu ya hapo, makubaliano hayafikiki ndani ya saa mbili. Kutaneni mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara, kwa wiki 14. Ala zichanganywe: kinachodumisha sauti (fidla, zeze, filimbi, akodiani, sauti ya mtu), kinachogongwa (marimba, ngoma, sahani za chuma), na angalau kimoja kinachoweza kupiga sauti nyingi kwa pamoja. Kundi la magitaa matano litapata shida, kwa sababu nota nyingi hizi huuliza "sauti ya rangi gani?" na jibu litakuwa moja daima.

Vitu vya kununua ni vichache. Penseli na vifutio, karatasi za A3, gundi ya karatasi, rula ya sentimita 30, pembetatu ya plastiki iliyomo kwenye mkebe wa hisabati, saa ya kuhesabu sekunde kwa kila mtu, kifaa kimoja cha kurekodi, na daftari gumu kwa kila mwanafunzi. Simu inafaa kama saa, kwa masharti matatu: iwe katika hali ya ndege, skrini izuiwe isijizime, na mtetemo uzimwe. Simu inayotetemeka juu ya meza ya mbao katikati ya ukimya wa sekunde 40 husikika hadi mstari wa nyuma.

Nota zenyewe zinunuliwe au ziazimwe maktaba. Cage, Wolff na sehemu kubwa ya kazi za awali za Feldman zimo katika orodha ya mchapishaji Edition Peters, na Treatise ya Cardew pia. Watunzi hawa ni wa juzi tu, hakimiliki ingali hai, na nakala iliyopigwa picha kwa simu ina kasoro nyingine kubwa zaidi kwa kazi yetu: inapinda vipimo. Mahali ambapo milimita ndiyo muziki, picha iliyopinda ni nota za uongo.

Wiki ya 1 na ya 2: ukurasa mmoja wa Earle Brown

Anzeni na kazi yake iitwayo December 1952. Ni karatasi moja, vistari na mistatili ya wima na ya mlalo, mengine membamba, mengine mazito, kwenye nyeupe tupu. Unaweza kuishika upande wowote uwe juu. Hii ndiyo shule ya kwanza kwa sababu hakuna pa kujificha.

Kila mmoja akae peke yake nusu saa na daftari, ajibu maswali haya kwa maandishi: upande upi ni juu? Jicho langu linatembea vipi, kushoto kwenda kulia, au linaruka? Urefu wa kistari ni nini? Unene ni nini? Na nafasi nyeupe ni nini? Swali la mwisho ndilo linalosahaulika. Ukurasa huu sehemu kubwa ni weupe, lakini rekodi ya kwanza ya kundi jipya hujaa sauti mwanzo hadi mwisho. Pimeni: rekodini dakika 4, kisha sikilizeni na saa mkononi, mhesabu sekunde ambazo hakuna anayepiga. Zikiwa chini ya 30, mmesoma wino mkaiacha karatasi.

Kosa la pili ni wote kuchagua tafsiri moja: juu ni sauti nyembamba, chini ni nene, unene ni nguvu. Hii inatoka moja kwa moja kwenye mistari mitano, na si kosa mtu mmoja akiichagua. Wakiichagua wanane, wote watapanda pamoja na kushuka pamoja kama ngazi. Gaweni: mmoja asome wima kama muda, mwingine asome unene kama idadi ya sauti zinazopigwa kwa pamoja, mwingine asome umbali kutoka ukingoni kama nguvu.

Feldman: gridi na mapigo ya moyo

Wiki ya 3 inatosha. Projection 1 ya Morton Feldman, ya mwaka 1950, ni ya selo moja, imeandikwa kwenye visanduku. Safu tatu zinaonyesha namna ya kupiga (sauti za filimbi za uzi, yaani uzi ukiguswa kidogo tu bila kubanwa, kudonoa, upinde), na ndani ya kila safu mahali pa alama panaonyesha juu, kati au chini. Mapigo ni kama 72 kwa dakika, na kila kisanduku kikubwa kina nafasi ya mapigo manne, yaani sekunde 3.3 hivi. Mpigaji anachagua nota yenyewe.

Hata kama hamna selo, isomeni kwa kupiga makofi, kugonga meza na kuimba, safu moja kwa kila kikundi. Kinachojifunzwa ni kwamba muda hapa si huru hata kidogo. Wanafunzi husikia "uchague nota" wakadhani kila kitu ni cha kuchagua, na mapigo yanaanza kulegea kufikia kisanduku cha tano. Mwenye ngoma asome pia The King of Denmark (1964), inayopigwa bila fimbo yoyote: vidole, viganja na mikono tu. Hiyo peke yake hubadilisha mkono wa mpiga ngoma, kwa sababu analazimika kutafuta sauti ndogo ambazo fimbo ilikuwa inamfichia.

Wiki ya 4 hadi ya 6: Variations II, kazi ya rula

Hapa tutulie, maana ndipo mtu anapoelewa kwa mikono yake tofauti kati ya kubahatisha na kupima. Cage aliitoa Variations II mwaka 1961. Ni karatasi 11 za plastiki inayopitisha mwanga: sita zina mstari mmoja mnyoofu kila moja, tano zina nukta moja kila moja. Idadi yoyote ya wapigaji, chombo chochote kinachotoa sauti. Unazitupa zilaliane zitakavyo, halafu kutoka kila nukta unashusha mstari wa kukutana na kila mstari kwa nyuzi 90, unapima. Mistari sita ni mambo sita: ujuu wa sauti, nguvu, rangi ya sauti, urefu wa sauti, wakati inapotokea, na muundo wa tukio, yaani ni sauti ngapi zinazounda tukio hilo. Nukta tano kwa mistari sita ni vipimo 30.

Fuateni mpangilio huu, kwa maana ukiugeuza unafungua mlango wa kujidanganya.

Kwanza, kabla ya kutupa chochote, pigeni kura mstari upi ni jambo lipi, mwandike. Pili, kabla ya kutupa, kila mpigaji aandike mizani yake: kipimo kirefu kuliko vyote kitahesabiwa kuwa mwisho wa juu wa kila jambo, sifuri itakuwa mwisho wa chini. Tatu, amueni muda wa kipande. Ndipo mtupe. Mtu mmoja azidondoshe moja moja kutoka kimo cha nusu mita juu ya karatasi nyeupe ya A3, asizipange. Mkizigusa "zikae vizuri" mmeshatunga. Zibandikeni kwa gundi ya karatasi pale pale zilipoanguka. Ikiwa mstari haufiki mahali nukta inapouelekea, urefusheni kwa rula na penseli kwenye karatasi ya chini. Kaeni wawili wawili: mmoja anapima, mwingine anaandika na kusoma tena kwa sauti. Msipime kwenye picha ya simu.

Tuchukue nukta moja na marimba yenye mbao 22. Kipande ni dakika 8, sekunde 480. Kipimo kirefu kuliko vyote kimetoka milimita 160. Kwa hiyo kila milimita ya mstari wa wakati ni sekunde 3. Nukta yetu iko milimita 52 kutoka mstari huo: tukio linaanza sekunde ya 156, dakika 2 na sekunde 36. Mbao 22 ndani ya milimita 160 ni milimita 7.3 hivi kwa kila ubao, na nukta iko milimita 95 kutoka mstari wa ujuu: ubao wa 14 kutoka chini. Nguvu imegawanywa ngazi nane za milimita 20; kipimo ni 31, kwa hiyo ngazi ya pili, ndogo sana. Rangi ya sauti ni orodha ya namna nane za kupiga zilizoandikwa tangu mwanzo; kipimo ni 7, namna ya kwanza, na mpigaji alikuwa ameandika "nyundo ngumu". Urefu wa sauti: milimita 160 ni sekunde 40, kipimo ni 118, sekunde 29 na nusu. Muundo: kila milimita 10 ni sauti moja zaidi, kipimo ni 24, sauti tatu.

Sasa tazama tatizo. Ubao wa marimba ukigongwa kwa nyundo ngumu unanyamaza ndani ya sekunde chache, lakini unadaiwa sekunde 29 na nusu, na kwa nguvu ya ngazi ya pili. Wanafunzi wengi hapa huandika "haiwezekani" na kupima upya. Usipime upya. Hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika kazi hii: nota imekupeleka mahali ambapo mkono wako usingekwenda peke yake. Nyundo ngumu, zinazotetemeshwa kwa kasi karibu na kamba inayoshika ubao, ambapo mti hausemi sana, zinatoa mlio mkavu mdogo unaoweza kushikiliwa nusu dakika. Inachukua mazoezi ya siku tatu mkono usichoke na nguvu isipande.

Na zile sauti tatu? Ubao wa 14 ni mmoja wao, wawili wengine ni wapi? Maelekezo ya Cage yana jibu: likizuka swali jingine, liulizwe kwa namna ambayo kipimo kinaweza kulijibu. Tupa tena, pima, "ubao wa pili ni upi?" Ndiyo maana daftari la mwanafunzi aliyeifanya vizuri lina maswali mengi yaliyopimwa, si majibu 30 pekee.

Hamisheni matukio yote kwenye ukurasa mmoja wa kupigia, kwa mpangilio wa saa, herufi kubwa. Hakuna anayeweza kusoma jedwali la milimita jukwaani. Matukio mawili yakigongana kwenye sekunde moja na mikono ni miwili tu, tafuta chombo, mguu, mdomo, au weka upimaji wa kuamua lipi linatangulia. Usifute lolote kwa sababu ni gumu.

Kuna mwalimu atakayeuliza: kwa nini taabu yote hii, si bora kupiga papo hapo? Mpe rekodi mbili, moja ya kupima, moja ya kubuni papo hapo kwa dakika zilezile 8. Ile ya kubuni itakuwa na mwanzo mdogo, kilele katikati au karibu na mwisho, na kufifia. Karibu kila mara. Ile ya kupima itakuwa na ukimya mahali pasipotegemewa na tukio la nguvu peke yake jangwani.

Wolff na Riley: kusikilizana

Kufikia wiki ya 7 kundi linajua kusoma lakini kila mtu anasoma peke yake. For 1, 2 or 3 People ya Christian Wolff (1964) inavunja hilo. Nota nyeusi ni fupi, nyeupe ni ya urefu wowote, na mistari inayotoka kwenye nota inaamuru sauti yako ianze au iishe kwa kutegemea sauti ya mwenzako. Huwezi kuhesabu, unabaki kusikiliza. Tatizo lake kubwa ni mkwamo: A anamsubiri B, B anamsubiri A, wote wametulia wakitazamana. Msipeane ishara ya kichwa. Kila mmoja atafute katika ukurasa wake sauti ambazo hazimtegemei mtu, azianze hizo. Na sauti yoyote chumbani, hata kiti kilichosogea, kwanza iulizwe: je, hiyo ndiyo niliyokuwa naisubiri? Amueni mapema mnakubali au hamkubali.

In C ya Terry Riley (1964) ina vipande 53 vifupi kwenye mistari mitano ya kawaida, kila mmoja anarudia kipande kwa muda apendao kisha anasonga mbele. Maelekezo yanataka wapigaji wasiachane zaidi ya vipande viwili au vitatu, na kwa kawaida huchukua dakika 45 hadi saa moja na nusu. Fanyeni vipande vyote kwa pamoja, sauti moja, kabla ya kuachana. Kosa ni lilelile kila chuo: mwenye ala ya nguvu anakimbia mbele na kundi linamfuata kwa woga. Aliyekimbia anyamaze asikilize, mpaka wengine wamfikie. Kunyamaza kumeruhusiwa na ni sehemu ya kazi.

Wiki ya 8 na ya 9: Paragraph 7, kwa ajili ya wanaoimba

Cardew aliianza The Great Learning mwaka 1968, juu ya maneno ya Konfyusio katika tafsiri ya Ezra Pound. Sehemu ya saba ni ya sauti za watu peke yake, wawe wamesoma muziki au la. Kwa chuo chenye kwaya ni hazina. Waalikeni watu wa idara nyingine; 20 ni wengi wa kutosha.

Kanuni ni chache. Kila mtu anachagua kimoyomoyo nota yake ya kwanza, wanaanza pamoja kwa ishara ya kiongozi. Kila mstari unaimbwa mara zilizoandikwa, kila mara kwa urefu wa pumzi nzima, kwa sauti ndogo isipokuwa zile zilizoandikiwa ziwe za nguvu. Neno la kwanza huimbwa mara 8. Ukienda mstari unaofuata, nota yako iwe moja unayoisikia ikiimbwa na mwenzako. Usirudie nota ileile katika mistari miwili inayofuatana. Usipopata ya kuchukua, chagua upendavyo. Unasimama tuli wakati wa mstari, unatembea kati ya mistari, na kutembea ndiko kunakokupeleka kwenye nota mpya.

Kinachotokea ni cha ajabu na kina sababu. Mwanzo kuna nota nyingi mno, wingu zito. Kwa kuwa kila nota mpya inaokotwa kutoka zilizopo, nota ambayo hakuna aliyeiokota inakufa na hairudi kirahisi. Polepole wingu linapungua hadi kubaki nota chache zenye watu wengi. Hakuna aliyeamuru hivyo.

Sasa makosa. Waimbaji wa kwaya, na hasa waliolelewa na solfa, watavutwa kwenye d, m, s. Ndani ya dakika tano mna d, m, s zikiimbwa kwa pamoja kama wimbo wa kwaya, nzuri kabisa, na kazi imekufa. Chanzo chake ni nota ya kwanza: wamesikia kinanda mlangoni, au wameimba wimbo wakisubiri. Chumba kiwe kimya dakika mbili kabla, kinanda kifungwe, na waimbaji waambiwe wasiipe jina nota waliyoichukua. Waichukue kama ilivyo, hata ikiwa imekaa kati ya f na fe.

Kosa jingine ni pumzi fupi. Mwimbaji anaimba sekunde nne, anavuta, anaimba nne. Mfanye mazoezi na saa: sekunde 10 kwanza, kisha 14. Kwa pumzi ya sekunde 10, mstari wa kwanza wenye mara 8 unachukua karibu dakika moja na nusu pamoja na kuvuta hewa, na hapo ndipo wengi wanagundua kwamba kazi nzima haikimbizwi. Na wakiimba kwa nguvu hawasikii wenzao, kwa hiyo hawana cha kuokota. Simama katikati: ukimsikia mmoja peke yake kuliko wengine, huyo ana nguvu mno.

Chumba chenye mwangwi kidogo na sakafu tupu kinafaa. Toeni viti vyote. Vua viatu vyenye kisigino.

Treatise, wiki ya 10 hadi ya 12

Kurasa 193, zilizochorwa 1963 hadi 1967 na Cardew, aliyekuwa pia mchoraji wa vitabu kwa riziki, bila neno moja la maelekezo. Mstari mmoja mnene unapita katikati karibu kitabu kizima, na chini ya kila ukurasa kuna jozi ya mistari mitano iliyo mitupu. Msijaribu zote. Chagueni kurasa sita zinazofuatana, dakika mbili kwa kila ukurasa, na hiyo ni kazi ya kutosha ya wiki tatu.

Siku ya kwanza hakuna ala. Chora jedwali: kila umbo lililopo katika kurasa zenu (duara, mraba, namba, mstari uliopinda, mkia wa nota ya kawaida uliovunjika) kwa safu yake, na pembeni linatokea mara ngapi na kwa ukubwa gani. Kisha mstari wa katikati. Kila mtu ana jibu lake: ni ukimya, ni sauti moja inayoshikiliwa, ni saa, ni mpaka kati ya pumzi na ala. Mkubaliane jibu moja kwa kundi zima, kwa maana huu ndio uti wa mgongo unaoonekana na kila mtu, na ukiwa na maana nane hakuna atakayejua mwenzake yuko wapi. Maumbo mengine yagawanyeni: wawili wasome duara peke yake na wanyamaze duara lisipokuwepo. Watu husita kukubali kunyamaza ukurasa mzima. Wakubali.

Jaribio la kujua kama mnasoma kweli ni hili: rekodini ukurasa mmoja, mpeni mwanafunzi asiye wa kundi rekodi na kurasa tatu, mwulize ni upi. Akikosea mara mbili mfululizo, sheria zenu hazisikiki. Rudini kwenye jedwali, punguzeni maana, msiongeze.

Wiki ya 13: nota yako mwenyewe

Vyuo vingi hudai mwanafunzi aandike kazi ya dakika 5 au zaidi. Maelekezo yasizidi ukurasa mmoja. Mistari isiwe myembamba kuliko nusu milimita, kwa kuwa mpigaji anasoma kutoka umbali wa sentimita 70 hivi na mwanga wa jukwaa ni hafifu. Kama wapigaji wana mikono yote miwili kazini, kipande kisichohitaji kufunua ukurasa ni kipande kitakachopigwa. Ukitumia mabano ya muda kama ya Cage wa miaka ya mwisho, yaani sauti ianze wakati wowote kati ya 0:00 na 0:45 na iishe kati ya 0:30 na 1:15, andika namba kubwa na uache nafasi ya penseli.

Kisha wape watu watatu ambao hukuwaeleza lolote, toka chumbani, rudi baada ya dakika 40. Usijibu swali hata moja. Kila swali watakalouliza ukirudi ni sentensi inayokosekana au alama ya kufuta.

Siku ya onyesho

Saa zote zianzishwe kwa ishara moja ya mkono, si kwa kuhesabu kwa mdomo. Zikaguliwe baada ya dakika 20 kama zinakubaliana. Stendi ziwe chini ya kidevu ili mwonane. Mkiwa na kiongozi anayeonyesha muda kwa mikono kama mshale wa saa, kama Cage alivyotaka katika Concert for Piano and Orchestra, afanye mazoezi mbele ya kioo, kwani mkono wa mtu huenda haraka ukishuka na polepole ukipanda.

Watazamaji wengine watacheka. Msitabasamu nao, msikasirike. Endeleeni na kistari kinachofuata. Sauti ya mwisho ikiisha, kaeni tuli hadi saa ifike mwisho ulioandikwa, hata kama zimebaki sekunde 50 za weupe mtupu. Kisha simameni wote kwa pamoja.

Kesho yake, kabla ya kuandika ripoti ya tathmini, sikilizeni rekodi mkiwa na nota na daftari, mweke alama ya penseli kila mahali mlipopiga kinyume na uamuzi wenu. Mtahini anayeijua kazi hii atauliza kuhusu alama hizo kwanza.